Kinanda Kilichonasa Ngoma

Nilipoanza kupiga kinanda katika hoteli moja ya Diani, bendi yetu ilikuwa ya watu watatu: mimi, mpiga gitaa aliyetoka bara, na mpiga ngoma wa Msambweni. Huyo wa Msambweni alinizidi umri kwa miaka kama kumi, nami nikimwita kaka. Alikuwa na ngoma mbili, msondo mrefu na chapuo, na wageni waliacha chakula kikapoa ili wasogee kumtazama yeye. Mimi hakuna aliyenitazama, na sikuona vibaya.

Kisha mwanamuziki mmoja wa Ulaya, aliyekuwa akija kila msimu, alimwachia meneja kinanda chake cha zamani. Hicho hakikuwa kama changu. Kilikuwa kikinasa sauti. Ulikiwekea maikrofoni, ukatoa sauti yoyote, halafu ile ile ikarudi kupitia vitufe, nyembamba au nene kulingana na kitufe ulichobonyeza. Nilinasa chafya ya mpiga gitaa nikaipigia wimbo mzima wa arusi, tukacheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Kumbukumbu ya kinanda kile ilikuwa sekunde chache tu. Sauti zilihifadhiwa kwenye disketi, na kabla ya kuanza kazi uliingiza moja ukangoja huku mashine ikikoroma. Ni hapo nilipofahamu kwamba zile fidla nilizozisikia redioni nikiwa msichana, nikidhani ni watu hamsini wamevaa suti, huenda zilikuwa kidole cha mtu mmoja.

Siku moja meneja aliniuliza, "Hiki kinaweza kutoa ngoma?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba kinaweza.

Asubuhi iliyofuata nilimwomba kaka alete ngoma zake. Alipokwisha kukaa nilimwambia, "Piga mara moja tu, kaka."

"Mara moja?"

"Yatosha. Mashine itarudia yenyewe."

Alipiga msondo mara moja, kisha chapuo mara moja, akainuka akaenda kunywa chai.

Msimu uliofuata wageni walipungua, na meneja akasema bendi itabaki na watu wawili. Kaka alifunga ngoma zake kwa kitambaa. Mlangoni aliniambia, "Riziki ni ya Mungu, dada," akaenda zake. Mimi nilibaki, na kwa miaka mingi nikawachezesha watu kwa ngoma yake huku mwenyewe hayupo. Msambweni si mbali na Diani. Sikwenda hata siku moja kumjulia hali.

Kinanda kilikufa kwa hewa ya chumvi, nami nikastaafu. Disketi nilizitunza ndani ya kopo la biskuti. Mwaka jana fundi mmoja wa Ukunda alizitoa zile sauti akanihamishia kwenye simu. Nilipousikia msondo ule nilishindwa kulala, na baada ya siku tatu nilikwenda Msambweni.

Nilimkuta uani na mkewe, wakichambua korosho.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umepotea."

"Nimepotea. Niwie radhi."

Nilimsikilizisha simu. Aliinamisha kichwa, akataka nirudie, kisha akasema, "Ngoma hii ni baridi."

"Baridi vipi?"

"Ngozi ilikuwa imelala na umande. Asubuhi ile hukunipa nafasi ya kuiotesha moto. Mimi nilidhani unajaribu mashine tu."

Mkewe akacheka. "Kwa hiyo miaka yote hiyo wazungu wamecheza ngoma mbichi."

Sikuweza kucheka. Nilimwambia lile nililokwenda kulisema, kwamba mimi ndiye niliyemtoa kazini. Alichambua korosho mbili tatu kabla ya kujibu.

"Nilikukasirikia," alisema. "Kazi nilipata nyingine. Nilikukasirikia kwa kuwa hukuja."

 Mkewe ndiye aliyeinuka, akawasha makuti makavu, akaleta msondo. Kaka aliizungusha ngozi ya msondo juu ya moto, akiigonga kwa kidole na kusikiliza, mpaka akaridhika. Nilipotoa simu ili ninase, alinizuia kwa mkono.

"Kwanza sikiliza."

Alipiga mpaka tukasikia adhana ya alasiri. Hakuna pigo lililofanana na jingine. Nilikaa karibu naye kila siku ya kazi kwa misimu minne, na jambo hilo sikuwahi kuligundua.

Siku hizi nikialikwa kupiga kwenye arusi za huku kwetu, humpigia simu kwanza. Akijisikia vizuri huja na chapuo peke yake, kwani msondo magoti yake hayauwezi tena. Asipoweza kuja, napiga kinanda bila ngoma, na wenye arusi wakiuliza, nawaambia mpigaji hayupo.