Siku Niliyosugua Mabehewa

Mume wangu aliporudi kutoka kazi ya reli kule Kisumu, mkono wake wa kulia ulikuwa umebaki na vidole viwili, gumba na kile cha kuonyeshea. Vingine vilikatwa na ndoano ya kuungia mabehewa. Kazi yake ilikuwa hiyo: kuingia katikati ya mabehewa wakati kichwa cha treni kinayasukuma, na kuyafunga moja kwa jingine. Aliifanya miaka tisa. Katika miaka hiyo alikuja nyumbani mara nne.

Binti yetu mkubwa alikuwa na miaka saba baba yake alipoondoka. Aliporudi kabisa alimkuta msichana mrefu, amemaliza shule ya misheni, anayejua kusoma kuliko sisi wote wawili. Asubuhi anampa shikamoo. Anamletea maji ya kunawa. Anaweka chakula kwa mikono miwili, anapiga goti, anatoka. Mgeni yeyote angesifu malezi yangu. Lakini mimi nilikuwa naona jinsi anavyotoka, kwamba hakai hata muda wa kuuliza kama chumvi imetosha. Na huwezi kumgombeza mtoto kwa sababu ana adabu nyingi.

Mwaka ule alikuwa amekubaliwa kwenda kusomea ukunga kwenye hospitali ya misheni, mbali, ng'ambo ya mto Mara. Angeondoka mavuno yakiisha. Nilikuwa naomba jambo moja tu kila nikipiga magoti, kwamba asiondoke hapa akimwacha baba yake kama mtu aliyepanga nyumba kwetu. Mengine nilimwachia Mungu ayapange mwenyewe.

Sasa, habari za gari la moshi zilianza hivi. Hapa Nyarero hakuna reli. Ukitaka kuiona unavuka mpaka na kusafiri sana. Watu walikuja kumpa pole mume wangu, wanauliza ni kitu gani hicho kilichokula vidole, naye anajaribu kueleza. Anasema ni kama nyumba zimefungwa kamba moja nyuma ya nyingine. Wanacheka. Mzee mmoja akamuuliza, hizo nyumba zinakimbia zikiwa na watu ndani au wametolewa kwanza? Mume wangu naye akacheka. Kesho yake akaniomba nimtafutie debe tupu la mafuta ya taa, tutengeneze gari la moshi dogo waone wenyewe.

Kwa mkono ule hakuweza kukata bati. Basi yeye akawa macho na mimi nikawa mikono. Mimi ambaye sijawahi kuona treni hata siku moja. Aliniambia futi mbili za kitu chenyewe tuzifanye upana wa kidole changu kimoja, na hilo tusilivunje popote, hata kwenye mlango. Mbao tulipata kwa kupasua masanduku ya sabuni ya dukani. Magurudumu tulikata kutoka mpini wa jembe uliovunjika, tukayavisha ukanda wa bati. Jirani yangu, mama mtu mzima tunayesali pamoja, alikuwa akipita anasimama mlangoni.

"Mama, hilo gari litaanza lini kubeba mahindi? Maana mgongo wangu umechoka."

Kichwa kilipokwisha nilikipaka rangi nyeusi iliyobaki misheni walipopaka milango ya kanisa. Kilipendeza kweli. Nikamwekea mume wangu mbele yake, nasubiri sifa. Alikigeuza, akakiangalia huku na huku.

"Ni kizuri," alisema. "Lakini hakijawahi kwenda popote."

Nilikasirika kidogo, siwezi kusema uongo. Halafu akaanza kunionyesha. Bati la kichwa cha kweli limejaa vichwa vya misumari, mistari na mistari, kwa hiyo tukachukua msumari na kulidonoa bati kwa ndani mpaka vitone vikatokea nje. Behewa la mizigo halina mbao zinazofanana. Kuna ubao uliooza ukabadilishwa, kwa hiyo ubao mmoja lazima uonekane mpya kuliko wenzake. Paa la behewa hubonyea kidogo katikati, kwa sababu watu hulikanyaga. Tulitengeneza manne: la pamba, la mahindi, la ng'ombe, na moja lisilo na paa la kubebea mawe. Yalikuwa safi, mekundu kama bati la paa, na mimi nikaona kazi imekwisha.

Hapo ndipo mdogo wangu wa Nyamongo alipojifungua, na nikaenda kumhudumia. Nilikaa huko wiki mbili na siku kadhaa. Nilirudi Ijumaa jioni, nimechoka, na Jumamosi akina mama wa ibada walikuwa wanakuja kusali kwangu. Ilikuwa zamu yangu.

Asubuhi ile mume wangu alikwenda zahanati kuonyesha mkono, na binti alikwenda mashineni kusaga. Nilifagia, nikapaka sakafu, nikasugua sufuria. Halafu nikainua macho kwenye rafu, nikaona mabehewa. Jamani. Yalikuwa yameharibika. Masizi juu ya paa, udongo chini, kutu imechuruzika kwenye bati, na lile la ng'ombe limepakwa kinyesi, kinyesi chenyewe cha ng'ombe, kimekauka kwenye nafasi za mbao. Nikasema moyoni, nimeondoka wiki mbili tu na nyumba imekuwa zizi. Nilidhani kuku wamelala humo. Nilidhani moshi wa jikoni. Na nilimwonea huruma mume wangu, kwamba ameshindwa hata kulinda kazi yake kwa sababu ya mkono.

Nikayatoa nje nikayasugua. Majivu, mchanga na gunzi la mahindi, kama tunavyosugua sufuria. Kutu ilikuwa imeshika sana, nikatumia nguvu. Nikaimba huku nasugua. Yalipokauka juani nikayarudisha kwenye rafu, yamepangwa kwa mstari, na nilikuwa na furaha ya mtu aliyemfanyia mumewe jambo la siri.

Akina mama walipokuja waliyaona kabla ya kuniona mimi. Jirani yangu akasema yanang'aa kama vikombe vya meza ya Bwana, na kwamba mbinguni tutapandishwa humo. Tulicheka, tukaanza kusali. Katikati ya sala binti yetu akaingia na unga kichwani. Mimi nilikuwa nimefumba macho ila nilisikia unga unatuliwa chini kwa nguvu, na hatua zikitoka. Nikadhani mzigo umemchosha.

Walipoondoka nilimkuta nyuma ya ghala, ameegemea miti, halii wala hafanyi lolote.

"Mama, umeyaosha."

"Yalikuwa machafu, mwanangu."

"Tuliyachafua sisi."

"Ninyi nani?"

"Mimi na baba."

Nilikaa chini pale pale. Tangu mume wangu arudi sikuwahi kusikia mtoto huyu akijitaja mwenyewe na baba yake kwa pumzi moja.

Akaniambia yote, polepole. Siku ya pili baada ya mimi kuondoka, alikuwa anapeleka chakula akamkuta baba yake anajaribu kupaka masizi kwenye paa la behewa kwa mkono wa kushoto, na yanamwagika ovyo. Alitaka kuweka chakula na kutoka kama kawaida. Lakini alishindwa kuona masizi yanavyomwagika, akachukua unyoya wa kuku akamsaidia. Akauliza kwa nini anachafua kitu kizuri. Baba yake akamwambia kwamba hakuna uchafu usio na sababu. Masizi hutoka kwenye kichwa, kwa hiyo behewa la kwanza ni jeusi juu kuliko la mwisho. Udongo hurushwa na magurudumu, kwa hiyo hukaa chini tu, haupandi. Kutu huanza pale maji ya mvua yanaposimama. Walilowesha bati kwa maji ya chumvi wakaliacha kwenye umande siku tano ili kutu iwe ya kweli. Masizi walichanganya na maji ya uji yashike. Na kila alama ilikuwa na habari yake, kwa maneno ya baba mwenyewe. Hapa ni siku ya mafuriko, tulilala juu ya paa. Hapa karani aliandika kwa chaki behewa linakokwenda, akakosea, pamba ikapelekwa kwingine. Hapa ng'ombe walikaa siku mbili bila maji na mimi nikawachotea kwa kofia yangu.

"Nilikuwa sijui hata alikuwa anakula nini huko," binti alisema. "Sasa umefuta na mimi sikuandika."

Mume wangu alirudi jioni. Aliona rafu kabla hajaketi. Akachukua behewa moja baada ya jingine, akayapitishia gumba lake pembeni, halafu akasema nimesugua vizuri. Hakuwa ananidhihaki. Ndiyo maana iliniuma. Angenigombeza ningepata mahali pa kushika. Akasema hana njaa, akaenda kulala.

Kanisani Jumapili sikuweza kuimba. Na nyumbani yalirudi yale yale: shikamoo, maji, goti, mlango. Zilikuwa zimebaki siku tisa binti aondoke. Niliona kwamba hawa wawili walikuwa na kitu kimoja tu cha kuzungumzia, na nimekisugua kwa gunzi.

Jumatatu sikwenda shule ya watu wazima. Nilikuwa sijakosa tangu nilipoanza, maana niliianza ili nisome barua za mume wangu mwenyewe, nisipeleke mambo ya nyumba yangu kwa katekista kila mwezi. Siku ile niliyashusha mabehewa yote, nikayaweka uani mchana mweupe, nikakuna masizi chungu kizima, nikachota udongo mwekundu wa kichuguu, nikaleta chumvi. Nikamwita binti.

Akasema haiwezekani tena, mengine amesahau. Nikamwambia aniambie anayokumbuka, yale asiyoyakumbuka tutamuuliza mwenyewe. Akasema, wewe utaharibu, mama, wewe unapenda usafi. Nikasema ni kweli, ndiyo sababu utanisimamia.

Basi nikawa mwanafunzi wa mwanangu. Nilipaka masizi, akasema mengi mno, hilo ni behewa la tatu, moshi umekwisha pungua. Nilipaka udongo, akasema nimeupandisha. Nilipaka mara ya pili, akaninyang'anya unyoya. Mume wangu alikuwa amekaa kivulini na kisu chake, anajifanya anachonga kitu. Siku ya pili alisogeza kigoda. Siku ya tatu, kutu ilipoanza kutoka kwenye bati, binti alikuwa anatia alama ya maji chini ya mlango wa behewa la mahindi, na sauti ikatoka kivulini kwamba hapana, si hapo, ni upande wa pili.

"Uliniambia ni hapa," binti akasema bila kugeuka.

"Nilisema upande wa mlango unaofunguka. Huo haufunguki."

"Hukusema."

"Nilisema. Wewe ulikuwa unakula karanga."

"Karanga zako mwenyewe ulizonipa."

Sikuinua uso. Nilishika behewa la ng'ombe nikaendelea kusiliba kinyesi kwenye nafasi za mbao, nacho hakikuninukia hata kidogo. Wakabishana kuhusu mlango, kisha kuhusu chaki, na mume wangu akaja kukaa na sisi kwenye mkeka, mguu wake mmoja juu ya unga wa masizi.

Ikabaki mbele ya behewa la ng'ombe, pale ndoano ilipo. Pale hawakuwa wamefika mimi nilipokuwa Nyamongo. Binti akauliza pawekwe nini. Baba yake akasema grisi, nyeusi sana, kwa sababu ndipo watu wa kuunga hushika. Binti akachovya unyoya, halafu hakupaka. Akauliza kitu ambacho mimi nilikaa nacho miaka tisa na sikukiuliza.

"Ulipokuwa unaingia hapo katikati, ulikuwa unatuwaza?"

Mume wangu akaweka kisu chini.

"Pale katikati huwazi mtu," akasema. "Ukiwaza mtu, unakatwa. Niliwawaza nikiwa nimelala, nikiwa nakula, nikiwa njiani. Pale, hapana." Akanyanyua mkono wake, akautazama kama wa mtu mwingine. "Siku moja nilisahau, nikawawaza pale pale. Mvua ilikuwa inanyesha, nikajiuliza kama paa lenu linavuja."

Nilitaka kusema kwamba halikuvuja. Nililiezeka mwenyewe mwaka ule, nyasi za mbugani, lilikuwa zima kabisa. Nikamwachia binti, maana jibu halikuwa langu kulitoa.

Binti yetu aliangalia ndoano ile ya waya, ndogo kama kulabu ya kibuyu. Akapaka grisi, taratibu, akainama karibu sana. Akapuliza. Akampa baba yake behewa, akamwekea kwenye kiganja cha kulia, akalishikilia kwa chini lisianguke.

"Bado haijakolea," alisema. "Nionyeshe grisi inapofika."

Baba yake akaonyesha kwa gumba. Mimi nikaenda kuchochea moto, kwa sababu saa ya ugali ilikuwa imepita na hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka.