Aruna na Motokari ya Rumonge

Aruna bin Hadji alikuwa mhunzi wa Ujiji. Mwaka wa 1914, reli ilipofika Kigoma, Mdachi mmoja mnunuzi wa mawese alileta motokari, akaivusha kwa boti hadi Rumonge, kaskazini kando ya ziwa, na Aruna akaja nayo kwa kuwa alijua kuifungua na kuifunga. Alimwambia mkewe Zuwena, aliyekuwa na mimba changa, kwamba angerudi baada ya miezi miwili.

Barabara haikuwapo. Gari lilitoka ghalani hadi ufukweni, likageuka, likarudi.

Mwezi wa nane vita vikaingia, Mdachi akaitwa jeshini. Kabla ya kuondoka alimsimamia Aruna siku mbili nzima walilaze gari lisiharibike hadi arudi. Walimwaga maji ya injini hadi tone la mwisho, wakahifadhi petroli kwenye madebe yaliyozibwa. Waliliinua juu ya magogo ili mipira isioze, wakapaka grisi kila chuma, wakaziba bomba la moshi kwa matambara panya wasijenge humo.

"Kila Ijumaa zungusha injini kwa mkono," alisema Mdachi, "isije ikashikana. Na usitoke Rumonge mpaka nirudi."

Akamkabidhi kwa askari aliyeitwa Abasi, na Abasi akaandika jina la Aruna.

Grisi ilipokwisha, Aruna alipaka mafuta ya ng'ombe. Mvua zilikuja, zikatulia kidogo, zikaja tena. Kila Ijumaa alizungusha injini, Abasi akiwa mlangoni akitazama. Alilala mlemle ghalani, akinuka kama gari.

Siku moja Mbaraka, mvuvi aliyekuwa akifika Ujiji, alimletea habari. "Zuwena amezaa. Mutoto muke. Lakini mutoto iko mugonjwa, Aruna. Kesho asubuhi ninarudi. Nafasi iko."

Aruna alikwenda kwa Abasi na kumwomba siku kumi tu.

"Ukienda, mimi ndiye nitakayetiwa mnyororo," alisema Abasi. Hakusema kwa ukali. "Na mimi nina watoto, Aruna."

"Basi tia mchanga kwenye mashine," Mbaraka alimnong'oneza asubuhi iliyofuata ufukweni. "Ikifa, watakulindia nini?"

Aruna alirudi ghalani, akachota mchanga. Alisimama mbele ya injini iliyong'aa, mkono uliojaa mchanga ukiwa juu yake, kwa muda mrefu. Kisha akaumwaga mchanga mlangoni. Alipofika ufukweni tena, mtumbwi wa Mbaraka ulikuwa mbali.

Mwaka wa 1916 Wabelgiji walishuka kutoka kaskazini. Abasi na wenzake walikimbia usiku bila kuaga. Asubuhi Aruna alifunga mzigo wake, akatafuta mtumbwi, asipate. Wavuvi walikuwa wameificha mitumbwi yote. Alikuwa bado anatafuta, ndipo askari wa Kongo wa Wabelgiji walipofika na afisa wao, wakavunja kufuli ya ghala.

"Nani ametunza hii?" aliuliza afisa kupitia mkalimani.

Aruna aliweka mikono nyuma. Mkalimani akamshika mikono, akaigeuza. Weusi wa mafuta ulikuwa umeingia hadi kwenye kucha.

"Iamushe," alisema mkalimani.

Alirudisha maji na petroli, akatoa matambara, akazungusha. Mara ya tatu injini ikanguruma. Askari walishangilia, na Aruna akajikuta anacheka pamoja nao. Alicheka hadi mkalimani alipomwambia, "Afisa anasema utakwenda nayo Usumbura. Hakuna mwingine anayeijua."

Usumbura iko kaskazini, Ujiji iko kusini.

Walipakia gari kwenye mashua, na Aruna akakaa kando ya gurudumu. Mashua ilipita Minago, kisha Gitaza, kisha Kabezi, na hakugeuza uso kutazama nyuma.

Zuwena alimfuata huko Usumbura baada ya vita kwisha, akiwa na Mwanvua, mtoto wao, aliyepona na kutimiza miaka minne. Asubuhi waliyofika, mtoto alimtazama yule mwanamume mwenye mikono myeusi, akajificha nyuma ya mama yake.

"Huyu ni baba," alisema Zuwena.

Aruna alichuchumaa, akangoja. Ilikuwa karibu adhuhuri mtoto alipomsogelea.