Mawimbi Jazz ya Baba na Mawimbi Jazz ya Baba Mdogo

Sisi tuliokulia Kitaji enzi za redio za mbao, mtu akihamia mtaani hatukumuuliza kwanza anashabikia timu gani ya mpira. Tulimuuliza: wewe ni wa Mawimbi ipi? Maana bendi yetu ya Mawimbi Jazz, fahari ya Musoma nzima, iliishi maisha matatu, na kila mtu mjini alikuwa na maisha yake aliyoyapenda. Kulikuwa na Mawimbi ya mwanzo, ya magitaa na ngoma za tumba. Ikaja ya katikati, ya matarumbeta na suti. Halafu ile ya mwisho, ya kinanda kimoja na wazee wanaopiga wakiwa wamekaa kwenye viti.

Vijana wa leo wakisikia tulikuwa tunabishana hivyo kwa ajili ya bendi wanatuona hatukuwa na kazi. Lakini nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa mzaha. Lilimtenganisha baba yangu na mdogo wake wa tumbo moja.

Baba, Mzee Majura, alikuwa seremala na mzee wa kanisa. Hakuwahi kukanyaga ukumbi wa dansi. Hakuwa na haja, kwa sababu dansi lilikuwa linamfuata uani. Rafiki yake wa tangu utoto kule Murangi, Masatu, ndiye aliyekuwa akipiga gitaa la solo la Mawimbi, na Jumamosi alikuja kwetu kufanya mazoezi kwa sababu kwake kulikuwa na watoto wachanga. Nakumbuka harufu ya mbao mbichi, maranda yakiruka chini ya randa ya baba, mama akianika dagaa juu ya mwamba ulioko nyuma ya nyumba, na sisi tukicheza rede kwa mpira wa soksi. Katikati ya hayo yote gitaa la Masatu likiongea taratibu, kama mtu anayesimulia safari yake bila kuharakishwa.

Nyimbo za wakati ule zilianza kwa Kiswahili na kuishia kwa Kijita, pale mwimbaji alipozidiwa. Kulikuwa na wimbo wa mkwe aliyefika siku ambayo nyumbani hakuna hata furu mmoja, yule samaki mdogo wa ziwani. Kulikuwa na wimbo wa pamba iliyopasuka shambani na mwenye shamba anaumwa magoti. Watu wazima walicheka, halafu kabla wimbo haujaisha ungeona mtu ametulia anatazama chini. Baba aliacha kupiga randa gitaa likifika sehemu fulani. Alisubiri lipite, ndipo akaendelea na ubao wake. Sisi watoto tulijua: hapo usimtume, usimuulize kitu, utapata jibu la mkono.

Baba mdogo Bwire tulikuwa tunaishi naye. Alikuwa mdogo sana kwa baba, ni kama baba ndiye aliyemlea. Alijifunza tarumbeta kanisani, akaipenda kupita kiasi, hata alipokuwa anakula aliilaza mapajani kama mtoto. Mawimbi walipoamua kuongeza matarumbeta, wakamchukua. Jioni aliyotuletea habari, baba alimpa mkono akasema, "Basi sasa nyumba hii ina watu wawili kwenye bendi," maana Masatu naye alimhesabu kuwa wa nyumbani.

Hapo ndipo Mawimbi ya katikati ilipoanza, na jamani, sisi watoto tulipagawa. Walinunua dramu. Walishona suti za rangi ya maji ya ziwa, suruali zake chini pana mpaka zinafagia vumbi. Baba mdogo alinyoosha yake kwa pasi ya mkaa, akitutuma tupepee, huku akituimbia kile kipande cha mwisho wa wimbo ambapo muziki unakimbia na kila mtu anaruka. Walikwenda Dar es Salaam wakarekodi, na redioni tukasikia jina la mji wetu likitajwa. Mtaa mzima ulishangilia. Jumapili baada ya ibada tuliruhusiwa kwenda bugi la mchana, dansi la vijana, na soda moja tulizungusha watu wanne. Nyimbo sasa zilikuwa za mapenzi ya mjini, za Sikujua na Nakusubiri, Kijita kimefutwa kabisa. Hatukujali. Tarumbeta zikilia, miguu ilikuwa inajiendea yenyewe.

Mwaka huo pamba ilikubali sana, na Mawimbi wakaalikwa Bunda kupiga uwanjani mchana baada ya watu kuuza. Bunda ni kwao mama, kwa hiyo tulikwenda wote, baba akiwemo. Alisema uwanja wa mpira si ukumbi wa dansi. Tuliketi kwenye majani na wajomba, tukitafuna michembe, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa juani.

Bendi ikatangaza ule wimbo wa pamba, wa Masatu. Akaanza kama alivyoanzaga uani kwetu, polepole. Hajafika popote, matarumbeta yakaingia. Akainua kichwa. Akasubiri wanyamaze, akaanza tena pale alipoachia, na matarumbeta yakaingia tena, na dramu juu yake. Watu walikuwa wanacheza, vumbi limepanda, hakuna aliyeona kitu. Mimi niliona kwa sababu nilikuwa namtazama yeye. Masatu alichomoa waya wa gitaa lake, akauzungushia mkononi, akashuka jukwaani huku wimbo wake unaendelea. Baba mdogo Bwire alikuwa amefumba macho anapuliza. Baba akasimama, akajikung'uta majani, akamfuata rafiki yake bila kutuaga.

Kesho yake tuliporudi Kitaji, baba mdogo aliingia uani akiwa na furaha zake. Baba hakungoja salamu.

"Umemfukuza Masatu kwenye wimbo wake mwenyewe."

"Sijamfukuza mtu, kaka. Nimepiga kama tulivyopanga na wenzangu."

"Wimbo ule ameutungia hapa uani, mura. Wewe ulikuwaga bado unalilia uji."

"Watu wa Bunda walicheza, kaka. Uliwaona? Au ulishaondoka?"

Mama alimtazama baba mdogo kwa macho ya kumsihi anyamaze, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Baba aliweka randa chini.

"Tafuta pa kukaa," alisema.

Baba mdogo alikusanya suti yake na tarumbeta akaenda kupanga chumba upande wa Mwigobero. Masatu aliacha bendi, akahamia Kiabakari, akawa anatengeneza redio kando ya barabara. Baba akabaki na randa yake, na Jumamosi uani kukawa na sauti ya mbao tu.

Hawakusemeshana kwa miaka. Wakikutana msibani, baba alinituma mimi: "Nyamisi, mwambie baba yako mdogo asogeze benchi." Benchi lenyewe liko baina yao. Na baba mdogo ananijibu mimi: "Mwambie kaka limeshasogea." Wimbo wa Mawimbi ukipigwa redioni, baba aliinuka kwenda kuzima. Mama ndiye aliyegundua kwamba alikuwa anainuka mapema lakini anafika redioni kipande cha tarumbeta kikiwa kimeshakwisha. "Baba yenu," alituambia jikoni, "akienda kuzima redio anatembea kama ana jiwe kiatuni."

Bendi nayo haikudumu na utamu wake. Disko likaja, kaseti zikaja, wapiga tarumbeta wengine wakaenda kutafuta maisha Mwanza. Mawimbi ikabaki ya wazee wachache na kijana wa kinanda. Walipiga harusini na kwenye mahafali. Baba mdogo naye alianguka na baiskeli njia ya Murangi, meno ya mbele yakatoka, na mtu asiye na meno ya mbele tarumbeta haimkubali. Akahamia kwenye tumba. Nilipokuwa nakutana naye mjini alinisalimia amefunika mdomo kwa kiganja. Mimi niliyemjua akicheka mpaka majirani wanatoka nje, niliumia.

Nilipopata mchumba, kijana wa Butiama, nikasema harusi yangu itapigwa na Mawimbi au isipigwe muziki kabisa. Baba alisikiliza akiwa amekaa, mikono magotini.

"Sisafiri mpaka Butiama kumsikiliza mtu aliyemfukuza Masatu," alisema.

"Je, Masatu mwenyewe akija kupiga?"

Baba aliondoa mikono magotini. "Akija Masatu, nitakuja."

Nikapanda gari mpaka Kiabakari. Nilimkuta Masatu amezungukwa na redio zilizofunuliwa matumbo, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamweleza shida yangu kwa unyenyekevu wote, nikimwomba amsamehe baba mdogo kwa yale ya Bunda. Alinitazama kama nimechanganyikiwa.

"Bwire? Bwire si alikula hapa Alhamisi? Hiyo redio unayoiegemea ni yake."

"Kumbe mmepatana?"

"Tulipatana zamani sana, mwanangu. Alikuja mwenyewe, akaketi hapo, akasema kaka siku ile sikukuona. Yakaisha. Mimi nilishachoka na bendi, masikio yalikuwa yananiuma." Akavua miwani. "Kwani baba yako bado ananitetea?"

Nilipomfikishia baba habari hiyo, alikuwa amesimama mlangoni. Aliuliza, "Wanakula pamoja?" Nikasema wanakula. "Na hakuna aliyeniambia." Mama alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Baba hakucheka. Aliingia ndani, akakaa kitandani, na nilipompelekea chai nilimkuta amevaa uso wa mtu aliyelinda shamba la mwenzake wakati mwenye shamba ameshahama.

"Miaka yote hii, Nyamisi," aliniambia. "Mtoto niliyemlea mimi."

Siku ya harusi, Butiama kulikuwa na upepo mzuri na turubai linapigapiga. Masatu alikuja na gitaa lake. Baba mdogo alikuwa nyuma ya tumba, ameinamisha kichwa. Ulipofika wakati wa baba wa bibi harusi kutoa nasaha, baba alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Tulijua atasoma Maandiko. Badala yake akawageukia wanamuziki.

"Wageni," alisema, "namtambulisha kwenu mdogo wangu. Yule pale, wa tumba. Anaitwa Bwire. Tumetoka tumbo moja."

Hayo tu. Akarudisha kipaza sauti, akaketi. Zile ndizo nasaha zangu za ndoa.

Masatu akaanza ule wimbo wa pamba. Safari hii hakuna aliyemkimbiza. Alipofika mwisho wa kile kipande chake alishusha sauti ya gitaa, akalipiga polepole kabisa, akamwangalia Bwire. Baba mdogo akaelewa. Hana tarumbeta, hana meno, akainuka akaiimba ile sehemu ya tarumbeta kwa mdomo mtupu, paa, papaa, mkono umeshika hewa, vidole vinabonyeza. Watoto wakaangua kicheko. Baba alikuwa ameshasimama. Alivuka uwanja wote, kanzu za wazee na sahani za pilau, akasimama kando ya mdogo wake mpaka wimbo ukaisha. Hakucheza, yeye ni mzee wa kanisa. Alisimama tu pale. Halafu nikamsikia akisema, "Umekonda, mura. Unakulaga wapi?"

"Kwa Masatu, kaka," alijibu baba mdogo, na safari hii hakufunika mdomo.

Wazee wale, baba na Masatu, wameshatutoka. Baba mdogo yuko Murangi, amezungukwa na wajukuu, sikio moja limegoma. Ukimuuliza Mawimbi ipi ilikuwa bora, atakwambia ya mwanzo. Nilipomwambia kwamba baba, kabla ya kufa, alikuwa ameanza kuisifu ile ya katikati, alitikisa kichwa akatazama ziwani. Mimi nikisikiliza leo, ya mwanzo naisikia ni ya watu wanaojuana, wanaoimbiana habari za jirani. Ya katikati ni ya vijana waliotaka dunia iwasikie, na dunia ikawasikia kidogo. Ya mwisho inapwaya, kinanda kinalia kama king'ora, sauti zimepasuka. Lakini ni hiyo tu ambamo kila mpigaji anamngoja mwenzake amalize, na ndiyo ninayoipenda.

Binti yangu anazo zote tatu kwenye simu, kapakua bure wakati anasuka nywele. Sisi tulivizia wimbo mmoja redioni wiki nzima. Wanangu wanapenda muziki, siwasingizii, ila kila mmoja anausikia peke yake, waya masikioni, kichwa kinatikisika kama mjusi ukutani. Ukimwita haitiki mpaka umguse bega.

Juzi nilimwambia binti achomoe hizo waya aniwekee Mawimbi tuisikie wote. Akaitumbukiza simu kwenye sufuria tupu ili sauti itoke. Mume wangu akasema hiyo ya mwanzo inamletea usingizi, weka ya matarumbeta. Mwanangu wa kiume akasema zote ni za wazee. Binti akamwambia hajui muziki. Wakapandishiana sauti, mimi nikiwa nimeshika mwiko, natamani wasiache. Lakini vijana hawa hawana muda wa ugomvi mrefu. Ujumbe uliingia, simu ikatolewa kwenye sufuria, kila mmoja akarudisha waya masikioni. Nikapakua ugali, nikaenda kuwagusa mabega, mmoja mmoja.