Siku Nilipowekwa Gaji ya Pikipiki

Mimi ni Olga, bibi ya Emile. Kama uko mutu wa Kasongo, labda umekwisha kusikia watu wakicheka kwamba bwana yangu aliniacha dukani gaji, yaani rehani, sawa vile mutu anavyoacha saa ao redio kwa muuzaji mpaka arudi. Ni kweli. Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi mpaka jua likapinda. Wacheke tu. Nimechoka hata kukasirika. Lakini acha nieleze mwenyewe, sababu hao wanaocheka hawajui hata nusu.

Emile ni motari, anabeba watu na mizigo kwa pikipiki. Nasema "ni" sababu ulimi wangu haujazoea kusema ingine. Ujanani alisukuma kinga, yaani baiskeli, yenye madumu ya mafuta ya mawese, toka Kasongo mpaka Kabambare, yeye mwenyewe akitembea kando yake kwa miguu. Kisha akapata pikipiki. Na ile barabara ya Kabambare, ya Wamaza, ya kule Salamabila kwenye dhahabu, ikamukula kidogo kidogo, na mimi niko naangalia. Amebeba chumvi, amebeba walimu, amebeba maiti. Amebeba wanawake wenye uchungu wa kuzaa, anawafunga mugongoni mwake kwa kitenge wasianguke, ndiyo maana kule Wamaza kuna watoto wengi wanaoitwa Emile. Mutu asiyejua angefikiri mambo mengine. Hata mimi niliwahi kufikiri, tuache hayo.

Mwaka jana, wakati wa mvua, daraja la miti likamuangusha na pikipiki ikamulalia juu. Munganga wa hospitali akamwambia: papa, mugongo huu haupandi pikipiki tena. Emile akasema munganga ni mutoto. Akasema shida si mugongo, shida ni pikipiki: sipringi zimekufa, injini imechoka, ndiyo maana kila shimo linamufikia kwenye mifupa.

"Nipate mashine nzuri, Mama Aimée, utaona," alikuwa ananiambia. Aimée ni binti yetu wa kwanza, ameolewa huko Nyangwe.

Kwa hiyo nyumbani kwetu kulibaki swali moja: iliyozeeka ni pikipiki ao ni Emile? Tulikuwa tumeuza shamba la ng'ambo ya muto tupate ya kununulia pikipiki moja. Moja, basi. Tukinunua na mugongo ukakataa, tutabaki na chuma ndani ya nyumba, na shamba limekwenda. Usingizi ulinihama juu ya jambo hilo. Na yeye pia, ila yeye alikuwa anajifanya anakoroma.

Pikipiki aliyoitaka ilikuwa dukani kwa Clovis, pale karibu na soko. Nyekundu, kubwa, na vijana walikuwa wamekwisha kuipa jina: Nyati. Walisema inapanda mulima na watu watatu na mifuko, na haikohoi. Emile alisimama mbele yake siku ya kwanza kama mutu aliye kanisani.

"Nataka kuijaribu," akasema.

Clovis ni kijana mupole, lakini ni mufanyabiashara. Akacheka. "Papa Emile, pikipiki mupya haijaribiwi. Mutu akishaipanda imekuwa okazyo, kitu kilichokwisha kutumika. Ukipasua hii plastiki ya kiti, nitaiuzisha nani?"

"Kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni zake."

"Pikipiki yangu haina kunguni, papa."

Na kusema kweli, Clovis hakuwa na kosa. Kwetu ndivyo inavyokwenda. Mutu anakuja, muuzaji anaiwasha palepale mulangoni, inanguruma, watu wanapiga makofi, anaondoka nayo, na jioni rafiki zake wanaimwagilia bia. Kujaribu ni kama kumwambia muuzaji kwamba yeye ni muongo. Siku hiyohiyo akaingia muchimbaji mumoja toka Salamabila, bado ana udongo kwenye masikio. Akaonyesha kidole tu pikipiki ingine iliyokuwa kando ya Nyati: ile. Hakuuliza hata inakula mafuta gani. Akaipanda, akaizima mara mbili, akapotea nayo kwenye vumbi. Clovis akatuangalia na macho yanayosema: mumeona wanunuzi?

Emile akarudi kesho yake. Na kesho ingine. Alikuwa anavaa shati lake la ibada, ananyoosha kola, anakwenda kukaa mulangoni pa duka. Hagombani. Anasalimia tu, anakaa, anaangalia Nyati. Mimi nikamwambia, "Baba Aimée, unatia haya. Hata uchumba wangu hukuufuatia hivi." Akanijibu, "Wewe nilikujaribu kwa macho." Mushenzi yule.

Mwishowe Clovis akachoka. Hapo nilikuwapo, nimemuletea Emile ndizi za kuchoma. Clovis akasema, "Sawa. Zunguka hapa avenue, dakika kidogo, urudi."

"Hapana," Emile akasema. "Hapa ni tambarare, hata mbuzi anaweza kukimbia. Nataka ule mulima wa njia ya Kabambare, unaotoka mutoni. Na mufuko wa mupunga nyuma."

"Aka! Mulima? Na muzigo? Papa Emile, unataka kunifunga duka!"

"Nitaacha gaji."

Akatoa karata yake ya uchaguzi. Clovis akasema karata kila mutu iko nayo. Emile akamwambia nitaleta pikipiki yangu ya zamani. Clovis akasema ile chuma hata muuza misumari hataitaka. Kisha akaongeza, kwa kutania tu, jamani, kila mutu pale alijua ni kwa kutania: "Labda umuache mama hapa."

Emile hakucheka. Akageuka, akaniangalia.

Moyo wangu ukawaka. Mimi? Mimi niliyezaa, niliyelima, niliyekanda mugongo wake na mafuta ya mawese kila usiku mwaka muzima, leo niwe gaji ya chuma? Nilifungua kinywa nimutukane mbele ya soko lote, na watu wa Kasongo wanajua mimi siogopi kumupinga bwana yangu mbele za watu. Lakini nikaona macho yake. Hayakuwa macho ya mutu anayetaka pikipiki. Yalikuwa ya mutu anayetaka jibu. Na mimi vilevile nililitaka.

"Lete kiti," nikamwambia Clovis. "Na kiwe chenye miguu mizima."

Kesho yake asubuhi Clovis akachukua na ile karata juu yangu, wakafunga mufuko wa mupunga wangu nyuma ya Nyati. Emile akapanda. Nilimuona akiinua muguu, akakunja uso kidogo, akaukunjua haraka. Akaiwasha. Ee, sauti ile! Hata mimi nilitetemeka. Akaenda, na shati lake likajaa upepo, na kwa nyuma alionekana kijana kabisa.

Nikakaa. Duka lile liko kwenye njia ya soko, kwa hiyo kila mutu anayenijua alipita. Rafiki yangu Ernestine, anayeuza samaki wa kukausha, akasimama na beseni kichwani.

"Mama Aimée, nimesikia unauzwa. Uko mupya ao wa okazyo?"

"Wa okazyo, lakini injini iko."

"Na plastiki ya kiti?"

"Ernestine, kama si hilo beseni ningekupiga."

Tukacheka mpaka machozi. Lakini alipoondoka kicheko kikaisha, na jua likapanda, na njia ya mulimani ilikuwa haileti mutu. Clovis akaninunulia mikate na chai. Kisha akaanza kutoka nje, anaangalia, anarudi. Anatoka tena.

"Mama, mulima ule si mbali hivi."

"Si mbali."

"Huko mbele ndiyo njia ya Salamabila. Kule wachimbaji wananunua kitu chochote, hawaulizi. Ee Mungu, nimeachiwa gaji mbaya."

Hapo nikasimama. Nikamwambia, "Sikiliza, mutoto. Baba yako alipokuwa anafungua duka hili, mizigo yake ya kwanza ya Kabambare ni nani aliyeileta? Kuna siku hata musumari mumoja ulipotea kwa mukono wa Emile? Sema!" Akaomba samahani, maskini, jasho linamutoka. Nikakaa tena, macho kwenye ile njia ya mulimani. Mimi sikuogopa kwamba amekimbia. Niliogopa kwamba ameanguka. Nikasema moyoni, Mungu, pikipiki ivunjike kama inataka, ila yeye asivunjike tena. Nikasema hivyo, na nilijua ikivunjika tutailipa na pesa yote ya shamba letu.

Jua lilikuwa limepinda tulipomuona. Alikuwa anakuja kwa miguu, anaisukuma. Kama zamani na kinga yake ya mafuta. Mufuko wa mupunga bado umefungwa nyuma.

Clovis akakimbia. "Umeiua! Umeiua!" Akaikamata, akaiwasha. Nyati ikaitika mara moja, ikanguruma vizuri kabisa, kama imetoka kulala. Clovis akabaki anashangaa. "Lakini iko nzima! Papa, kwa nini unaisukuma?"

Emile alikuwa mweupe midomoni. Mukono mumoja ulishika kiti cha pikipiki, na nilijua kwamba ukikiachilia ataanguka. Watu walikuwa wamejaa, na wamotari vijana ndani yao, wale aliowafundisha.

"Haina nguvu," akasema. "Kwenye mulima imeshindwa."

"Nyati ishindwe?" Vijana wakaguna. Clovis akanigeukia, sababu anajua kwamba nami sinyamazi. "Mama, unasikia haya? Sema kitu!"

Nikaangalia pikipiki. Nimelima upande ule maisha yangu yote. Chini kwenye muto udongo ni mweusi. Ule mwekundu, unaonata kama unga wa muhogo, uko juu peke yake, kule ambapo mulima umekwisha. Na magurudumu ya Nyati yalikuwa mekundu mpaka kwenye ekseli.

Kwa hiyo nikajua. Ilipanda. Ilipanda mpaka juu kabisa.

"Kwanza nipe ndoo ya maji," nikamwambia Clovis. "Hatuwezi kukurudishia kitu kichafu."

"Acha, mama, vijana wataosha."

"Nimesema ndoo."

Emile akakaa kwenye kile kiti changu, pole pole, kwa vipande. Nikainama nikaosha gurudumu la mbele, nikaosha la nyuma, nikaingiza vidole kwenye kila kona mpaka maji yakatoka meupe. Sikuinua kichwa, lakini nilijua kwamba ananiangalia. Kisha nikajipangusa mikono kwenye kitenge.

"Clovis, asante. Ulituheshimu. Pikipiki yako ni nzuri, ila sisi haitufai. Turudishie karata yetu."

Ernestine, aliyekuwa amerudi kuangalia, alinitazama kama mutu aliyeona jiwe likiimba. Mimi, kumukubalia Emile mbele ya soko! Nikamuachia Ernestine mufuko wa mupunga auweke kwake, na sisi tukashika njia ya nyumbani kwa miguu.

Wazee walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mimi nilikuwa nalichukia neno hilo siku ile, nalichukia kabisa. Njia yetu inapanda kidogo kabla ya kufika nyumbani. Nikasikia pumzi yake inakatika. Najua kwamba hata angekufa, Emile asingeomba kupumuzika. Basi nikajishika muguu, nikasema, "Yoo, Baba Aimée, viatu hivi vimeniua," nikakaa kwenye majani kando ya barabara. Viatu vyangu havikuwa na neno lolote. Akakaa kando yangu.

Akanyoosha miguu yake pole pole, akasema, "Ilipanda, Mama Aimée."

"Najua. Nimeosha udongo wa juu."

Akatikisa kichwa. "Kupanda haikunishinda. Nilifika juu, nikacheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikageuza nishuke, shimo la kwanza tu, miguu yangu sikuisikia tena; nilikaa chini mpaka ikaamka, ndipo nikaanza kuisukuma. Niliogopa, Olga. Barabara ile haijawahi kuniogopesha."

Jina langu hakuwa ameniita tangu Aimée azaliwe. Nililia. Yeye pia alilia, sitaficha, ni mutu kama watu. Kisha akaniuliza tutafanya nini sasa. Nikamwambia tutanunua shamba, labda si lile, lakini shamba. Akasema hajui kulima. Nikamwambia hilo najua, mwaka muzima wa kwanza wa ndoa yetu nililiona.

Muda ule wamotari walikuwa wanarudi toka Wamaza na mizigo yao. Kila mumoja alipomuona pale chini alipiga honi, sababu wote wanamujua. Naye aliinua mukono kwa kila mumoja, mpaka wa mwisho.