Mguu wa Paskazia

Dada yangu Paskazia alikuwa hakai. Tangu viwanda vya samaki vifunguliwe, minofu ya sangara ikaanza kupanda ndege kwenda Ulaya, yeye alikaanga mapanki, ile mifupa na vichwa wanavyotuachia, pale sokoni Mkuyuni. Anawasema wateja, na kesho wanarudi walewale. Ukimwambia, "Dada, pumzika," anakujibu, "Nikipumzika utanilisha wewe?" Mdomo ule, Mungu wangu!

Mwaka tisini na sita akapasuliwa uvimbe wa kizazi. Alikuwa na virusi vya UKIMWI pia. Tulijua yeye, mimi na daktari, basi. Miaka ile ukijulikana, hata kikombe chako kinatengwa. Operesheni ilikwenda vizuri. Siku ya kuruhusiwa nesi akasema, "Asilale tu. Atembeetembee."

Mama yetu, Bernadeta, alishafika kutoka Magu na kibuyu cha samli. Aliposikia hayo alicheka.

"Mtu kapasuliwa tumbo, atembee? Utumbo udondoke njiani? Nesi mwenyewe mtoto wa juzi!"

Kwetu aliyepasuliwa anatunzwa kama mzazi: analala ndani, anapewa uji, anakandwa. Basi Paskazia akalazwa. Cha ajabu alikubali, akadeka kabisa. Mimi nilifurahi kumwona ametulia.

Kisha mguu wa kushoto ukavimba. Mguu! Kidonda kiko tumboni, mguu umeingiaje hapo? Jirani akasema karogwa na wauza mapanki wenzake. Mimi mwenye siri nikadhani ndiyo ule ugonjwa umeanza, nikaenda kulia chooni. Nimwambie nani, na nimwambie nini? Mama peke yake hakuwa na mashaka. Alichemsha maji, akapaka samli, akauchua mguu kutoka kifundo kwenda juu kwa nguvu zake zote.

"Mama, mimi siyo ng'ombe," Paskazia alilalamika. Tukacheka wote.

Siku ya tatu ya kuchuliwa, uji ukiwa mkononi, akashika kifua. Alisema hewa haipiti. Tulimkimbiza hospitali kwa pikapu ya jirani, lakini tulipofika alishakata roho.

Daktari alinivuta pembeni. Damu iliganda mguuni, alisema. Virusi vinaifanya igande kwa urahisi, operesheni inazidisha, na kulala muda mrefu kunazidisha tena. Bonge likang'oka, likaenda kuziba mapafu. Nilisikia kila neno na sikuelewa kitu. Tumbo, virusi, mguu, mapafu! Kichwa changu kilikataa kabisa kuviunganisha.

"Huo mguu," akauliza, "kuna mtu aliuchua?"

Mama alikuwa kwenye benchi, akalisikia hilo. Akainuka, akajifuta machozi kwa kanga.

"Ni mimi, baba. Asubuhi na jioni. Usidhani tulimwacha hivihivi. Nilimchua vizuri mwanangu, kwa mikono yangu hii."

Akamwonyesha mikono. Daktari akaniangalia mimi, kisha akainamisha macho.

"Pole sana, mama. Ulimtunza."

"Sasa ni nini kimemuua?" mama akaniuliza mimi, siyo yeye.

Nilimwambia ni mapafu.