Makopo Yapo, Kamba Hakuna

Kama ndege wa Kilombero wangekuwa na polisi wao, picha ya mzee Agapiti ingebandikwa kwenye kila suke: huyu ni hatari, ukimwona usitue. Miaka thelathini anaamia mpunga, yaani anaufukuzia ndege, ng'ambo ya Kivukoni, na watu wote walimwita Mzee Kamera. Alikuwa anakaa juu ya dungu lake, kile kichanja cha miti chenye paa la nyasi, anakula zake wali na perege, macho kwenye sahani. Ghafla mkono wa kushoto unavuta kamba. Kule pembeni kabisa makopo yanapiga kelele, kwelea kwelea mia tatu wanapaa bila kifungua kinywa, na mzee mwiba hata hajautema. Vijana walisema ana macho ya kinyonga. Na yeye, tusidanganyane, sifa alizipenda.

Sasa mwaka huu Kamera ikaanza kuzingua.

Mpunga ulikuwa umetoa suke, punje bado maziwa, na hapo ndipo kwelea kwelea wanapofanya harusi yao. Zilibaki wiki tatu kuvuna. Eka mbili zile ndizo chakula cha nyumba mwaka mzima, hakuna nyingine. Mkewe, Bibiana, alipozungukia kona ya mtoni akakuta masuke yamesimama wima kama askari wa gwaride. Kwa asiyelima, inapendeza. Kwa mkulima ni msiba, maana suke lenye punje huinama. Akarudi akamwuliza mumewe kama alilala. Agapiti akaapa hajafumba jicho tangu alfajiri, na hajaona kitu ila mpunga. Kelele za ndege alizisikia, ndiyo, ila bonde zima lilikuwa linalia ndege, utajuaje wapo kwako au kwa jirani?

Bibiana akasema basi hii ni chuma ulete, kuna mtu anatuma ndege wasioonekana. Agapiti akaikubali hiyo haraka sana. Ilikuwa nafuu kuliko sababu nyingine aliyokuwa ameanza kuiogopa.

Aliyeharibu mambo ni Nassib, mwenye duka, jirani yao wa shamba. Alipita na simu, akapiga picha, akaitupia kwenye grupu la WhatsApp la wakulima. Mpunga wa Agapiti umejaa ndege kama pilau lenye zabibu, na juu yao mzee ametulia dunguni, kifua mbele, anawatazama. Chini Nassib ameandika: "Mzee Kamera leo anarekodi tu." Grupu halikulala. Stika juu ya stika. Mmoja akauliza kama mzee amewapangisha.

Kesho yake asubuhi Bibiana akampandia na simu dunguni. Agapiti akaisogeza usoni, akacheka, kisha akaacha kucheka. Ndege aliwaona. Wote, mmoja mmoja, hadi wa kona ya mtoni. Shamba lote lilikuwa limeingia kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja, na humo hakikumponyoka kitu. Akainua macho kwenye shamba lenyewe. Mpunga, kijani, umetulia, hauna hata tundu.

"Mama Noela," akasema taratibu, "wapo hata sasa?"

"Wapo, baba Noela." Bibiana akavuta kamba.

Wakapanda bodaboda hadi Ifakara mjini, kliniki ya macho. Aliyewapokea ni daktari Aneth, binti wa wakulima wa Sanje, akatoa shikamoo yake, akapima presha ya jicho, akamulika. Kisha akamwambia mzee atazame pua yake yeye daktari tu, asipepese, na aseme pale atakapoona vidole vikicheza pembeni. Agapiti akatazama. Akasubiri. Ile pua aliikariri.

"Anza basi, mwanangu."

"Nimeshamaliza, baba."

Akamweleza kwa lugha ya shamba. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba kama ganda la kitunguu, na ndani yake walinzi wamejipanga kwa safu. Safu ya kwanza inapokea mwanga, kazi yake hiyo tu. Ya katikati inalinganisha: hapa pana giza kuliko pale, hapa pamebadilika. Ya mwisho, chembe kama milioni moja kila jicho, ndiyo inayopeleka habari kwenye ubongo, kila chembe kwa uzi wake. Na haipeleki picha kamili, inapeleka umbea: pale kuna ukingo, pale kuna kitu kimecheza. Zimo zisizojali kilichotulia, zinangoja kinachotembea tu. Hizo ndizo zilizompa mzee jina. Presha imeziua hizo za mwisho, kuanzia pembeni, miaka na miaka, bila maumivu. Na ubongo ukikosa habari hauweki giza. Unashona kiraka kwa kitambaa cha jirani, na jirani wa mpunga ni mpunga.

Agapiti akahesabu safu kwa vidole.

"Ile ya kwanza nayo imekufa?"

"Hapana, baba. Ile ipo."

"Kwa hiyo ndege akitua, jicho langu linamwona."

"Linamwona."

"Ila mimi siambiwi." Akatikisa kichwa. "Makopo yapo, kamba zimekatika. Unazifunga lini?"

Aneth akamkabidhi kichupa cha matone. Hayo, tone moja kila jicho kila jioni, ni ya kulinda zilizobaki. Zilizokufa haziungwi wala hazioti. Mzee, ambaye kamba iliyokatika huifunga kwa dakika mbili, akabaki anaitazama mikono ya yule binti kama vile fundo lingetoka humo.

Sasa dunguni wanapanda wawili. Bibiana anatazama, Agapiti anashika kamba.

"Kulia, mtoni!"

Akavuta. Ndege wakapaa, wakakatiza mbele ya kidirisha cha kuonea kilichombakia, na kwa nusu sekunde akawaona wote, wazuri, weusi angani. Kisha mpunga.

"Wameondoka?"

"Wameshuka tena."

"Wapi?"

Akaanza kugeuza kichwa polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwa tochi. Mpunga. Mpunga. Mpunga. Bibiana akainama, akaitoa kamba mkononi mwake, akaivuta mwenyewe.