Pua ya Mama Pua na Koti la Fundi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pua, wala hakukasirika, maana pua ndiyo iliyomlisha. Akikatiza uani kwa watu, walioharibu mboga walikimbilia vifuniko. "Funika, Mama Pua anapita!" Naye hujibu bila kugeuka, "Umechelewa, mwanangu. Vitunguu vyako nimevisikia vikiungua tangu kule kona."

Kazi yake ilikuwa kuchemsha mchaichai na majani ya mkaratusi mpaka yatoe mafuta. Mumewe, fundi bomba aliyeacha kazi kwa uzee, ndiye aliyeunda mtambo: pipa la chuma juu ya mafiga, kifuniko kilichozibwa kwa unga uliokandwa, bomba la shaba likipita ndani ya ndoo ya maji baridi, na chupa mwisho wa bomba ikidondokewa tone kwa tone. Fundi alikata majani na kuchochea moto. Mama Pua alikaa kwenye kigoda karibu na chupa, macho kafumba. Mvuke wa kwanza hunuka nyasi. Kisha huja utamu mkali kama ganda la limau. Majani yakichoka, harufu hugeuka, huwa kama ya nguo iliyochemshwa. Hapo husema, "Toa moto," na Fundi huvuta kuni bila kuuliza. Ukikawia, chupa nzima imeharibika. Saa hawakuwa nayo, na ya nini?

Yalipoingia yale mafua mabaya, ya kirusi kinachokaba vifua, ua wao ukafurika watu wanaotaka mafuta ya kujifukiza. Akaja pia mtafiti wa maabara, mwanamke mpole mwenye miwani, akachukua chupa kwenda kuipima. Aliporudi alisema, "Mama, kwenye glasi, mafuta yako yamekizuia kirusi."

"Si nilikwambia!"

"Ngoja nimalize. Mapafu ya mtu si glasi. Kiasi kilichozuia kirusi pale, mtu akikivuta kitamuunguza. Kama yanatibu, bado hatujui, tunaendelea kutafiti. Mgonjwa apelekwe hospitali."

La kwanza Mama Pua alilisikia. La pili liliingia sikio hili likatokea lile. Tangu siku hiyo kila mteja aliambiwa, "Maabara wamekubali."

Halafu mafua yakampitia mwenyewe. Hayakumtesa, homa kidogo, akainuka. Akakaa kwenye kigoda chake, moto ukashika, matone yakaanza. Hapakuwa na nyasi. Hapakuwa na limau. Akaitia pua kwenye chupa, akaona kama ananusa maji ya kisima.

Angesema? Yeye, Mama Pua? Alinyamaza, akawa anautazama mvuke na kukisia. Mara nyingine Fundi alikuwa ameshaanza kuvuta kuni kabla yeye hajafungua mdomo, akamkaripia, "Nani mwenye pua hapa?"

"Wewe, mke wangu," Fundi akajibu, akaendelea kuvuta kuni.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba kifo kinaweza kukosea mlango. Aliyeangushwa na mafua safari ile alikuwa Fundi.

Binti yao, mshonaji wa nguo, alikuja mbio na sindano bado imechomekwa kifuani. "Mama, baba hapumui vizuri. Tumpeleke hospitali."

"Hospitali wana nini ambacho mimi sina? Maabara wamekubali."

Siku zikapita hivyo, binti akisema na mama akikataa. Asubuhi moja Mama Pua akamkalisha mumewe mbele ya beseni la maji ya moto, akamfunika blanketi, akamimina mafuta. Siku zote kipimo chake kilikuwa ile harufu inayopenya blanketi, ikimfikia, anaacha. Akamimina. Haikumfikia. Akaongeza. Chini ya blanketi Fundi akaanza kukohoa.

"Vumilia, bwana, dawa inafanya kazi."

Akaongeza tena. Fundi akalitupa blanketi, macho mekundu, machozi yanamtiririka, mikono imeshika kifua. Alipopata pumzi aliitazama chupa tupu, kisha akamtazama mkewe bila hasira.

"Haijarudi tu?"

"Nini?"

"Pua."

Binti ndiye aliyeita gari, na mama hakubisha. Daktari alisema mafuta yamemuongezea adha, lakini hayakumuua. Mapafu yalikuwa yameshashikwa na kirusi kitambo. "Mngemleta mapema..." Daktari hakumalizia. Fundi alifia wodini, na Mama Pua amekuwa akiimalizia sentensi ile mwenyewe mpaka leo.

Kazi hakuacha, maana kula ni kula. Siku za kuchemsha, binti alikuja kumnusia. Wateja wa mafua walipotokea, jibu lilikuwa moja: "Haya ni ya kunukiza nyumba. Mgonjwa mpeleke hospitali."

"Lakini Mama Pua, si wewe uliyesema..."

"Nilisema. Sasa nasema hivi."

Koti la kazi la Fundi lilibaki kwenye msumari wake, mlango wa uani, karibu na pipa. Alikataza lisifuliwe. Kila asubuhi alizamisha uso ndani yake, akaambulia kitambaa. Kwa hiyo akamtuma binti.

"Nusa, uniambie."

"Mchaichai. Moshi. Ile sabuni yake ya kunyolea. Na jasho lake, mama, hapa kwenye ukosi."

Mama Pua aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayelishwa. Ikawa ndiyo desturi yao. Mpaka siku moja binti alikaa na ukosi puani muda mrefu kuliko kawaida.

"Mchaichai."

"Na nini?"

"Moshi kidogo."

"Na baba yako?"

Binti angeweza kudanganya, ila alikuwa ameumbwa na ukaidi wa mama yake. "Linakaa karibu na pipa, mama. Mvuke umelijaa lote. Ni mchaichai tu."

Mama Pua alilipokea koti, akalikunja, akalipakata. Pipa lilikuwa linachemka, matone yanadondoka.

"Toa moto," akasema.

"Yameshatosha? Mbona bado yananukia limau?"

"Sijui, mwanangu," akasema Mama Pua, neno ambalo mtaa haukuwahi kulisikia kinywani mwake. "Toa tu."